Mtemi Isike wa Unyanyembe na mpaka wa pigo



Safari hii tunawaletea maisha ya mtu ambaye jina lake linajulikana kwa kila mkazi wa Tabora: Mtemi Isike wa Unyanyembe. Hakuwa Mkristo, na wamisionari wa kwanza waliofika katika nchi yake hawakumhesabu kuwa rafiki. Hata hivyo tumeona inafaa kuyasimulia maisha yake hapa, kwa sababu mwisho wake unatuwekea mbele swali ambalo mafrateri hulijadili katika somo la teolojia ya maadili na waamini hukutana nalo mitaani. Swali lenyewe ni hili: mtu anaruhusiwa kumpiga mpinzani wake kwa nguvu kiasi gani, na ni wakati gani hana budi kuuzuia mkono wake?

Nchi iliyokaa njiani

Hatuwezi kumwelewa Isike bila kuielewa njia. Kutoka Bagamoyo hadi Ujiji ni mwendo wa kilometa 1,200 hivi, na Tabora ipo katika mwendo huo. Hapo ndipo misafara ilipopumzika, ikaajiri wapagazi wapya, na kugawanyika: wengine kuelekea Ujiji na Kongo, wengine kupanda kaskazini kwenda Karagwe na Buganda. Richard Burton na John Speke walipofika mwezi Novemba 1857 waliukuta mji huo, wakati ule ukiitwa Kazeh, tayari una nyumba za wafanyabiashara Waarabu na Waswahili, mashamba yao na watumwa wao. Pembe za ndovu zilishuka kwenda pwani, na vitambaa, shanga, bunduki na baruti zilipanda kuja bara. Wanyamwezi wenyewe walikuwa wapagazi mashuhuri na wafanyabiashara wa tangu zamani, kwa hiyo njia hii haikuwa ya wageni peke yao.

Lakini njia yenye mali huleta ugomvi. Mtemi Fundikira, aliyewakaribisha wafanyabiashara wa pwani, alifariki mwishoni mwa miaka ya 1850. Aliyemrithi, Manywa Sere, alitaka wageni walipe kodi kwa bidhaa zao. Wafanyabiashara hao wakakataa, wakamwondoa kwa bunduki, na badala yake wakamweka Mkasiwa. Manywa Sere alipigana akiwa mkimbizi porini kwa miaka kadhaa hadi alipokamatwa na kuuawa mwaka 1865. Mkasiwa alitawala, lakini kila mtu alijua ni nani waliomketisha kitini.

Mkasiwa huyo ndiye baba yake Isike. Kijana alikua akiona mambo mawili kwa macho yake. La kwanza, kwamba mtemi anayewagusa wenye mali ya msafara anaweza kuwindwa kama mnyama. La pili, kwamba mtemi asiyewagusa anabaki na jina tupu. Tunaamini mambo hayo mawili yalikaa moyoni mwake maisha yake yote.

Kati ya Mirambo na wafanyabiashara

Mwaka 1871 vita kubwa iliikumba nchi. Mirambo wa Urambo, mtemi aliyekusanya vijana walioitwa rugaruga na kujenga dola kwa nguvu ya silaha, aliifunga njia ya kwenda Ujiji. Wafanyabiashara wa Tabora waliamua kumwadhibu, wakaingia vitani pamoja na Henry Stanley ambaye alikuwa akimtafuta Livingstone. Walishindwa vibaya. Mwezi Agosti Mirambo alifika hadi Tabora yenyewe, akachoma sehemu ya mji. Wapagazi, wanawake na watoto wa vijijini ndio waliolipa gharama kubwa zaidi, kama ilivyo desturi ya vita: wapiganapo tembo, nyasi ndizo ziumiazo.

Isike alishika utemi mwaka 1876, wakati moshi wa vita hiyo ulikuwa haujatulia. Hakuwa na jeshi kama la Mirambo, ila alikuwa na mahali. Msafara wowote uliotaka kupita katikati ya nchi ulipita karibu naye. Aliijenga upya nguvu ya utemi polepole, kwa hongo, kwa pembe, kwa kununua bunduki na baruti, na kwa kutumia mafarakano ya wafanyabiashara wenyewe kwa wenyewe. Mirambo alipofariki mwezi Desemba 1884 na dola yake kuanza kusambaratika, Isike akabaki kuwa mtemi mwenye nguvu kuliko wote katika eneo la Tabora. Makao yake, nje kidogo ya mji, yalikuwa boma lenye kuta nene na matundu ya kupitishia bunduki.

Hatutaki kumpamba. Utajiri wake ulitokana na biashara ileile iliyobeba watu minyororoni. Utumwa haukumsumbua dhamiri kama ulivyopaswa kumsumbua. Wasafiri walilalamikia hongo zake, na majirani zake waliyaogopa majeshi yake. Anayetaka kumtangaza Isike kuwa mtu mwema asiye na doa atalazimika kufumba macho mara nyingi.

Kipalapala

Wamisionari wa Afrika, tuliozoea kuwaita Mapadre Weupe, walipita Tabora mwaka 1878 katika msafara wao wa kwanza kutoka Bagamoyo, kabla ya kugawanyika kwenda Ziwa Victoria na Ziwa Tanganyika. Miaka michache baadaye walifungua kituo karibu na mji, na huko Kipalapala wakawalea watoto waliokombolewa utumwani. Leo mahali hapo panajulikana nchini kote kwa seminari kuu, lakini mwanzo wake ulikuwa wa watoto yatima walionunuliwa kwa vitambaa ili wawe huru.

Makao hayo yalikuwa katika nchi ya Isike, na usalama wake ulitegemea hali ya moyo wa mtemi na ya wafanyabiashara. Hali hiyo ilizidi kuharibika. Mwaka 1886 mfanyabiashara Mjerumani, Giesecke, aliuawa Tabora. Mwaka 1888 Wajerumani walianza kuitwaa pwani, Abushiri akaongoza vita vya upinzani, na mwaka huohuo Kardinali Lavigerie alizunguka Ulaya akihubiri dhidi ya biashara ya watumwa. Habari hizo zilifika bara kwa misafara, na kila Mzungu akaanza kutazamwa kama mtangulizi wa majeshi. Mwaka 1889 mapadre walilazimika kuiacha Kipalapala. Kanisa liliendelea kukua upande wa kaskazini, Ushirombo kuanzia mwaka 1891, kisha Ndala mwaka 1896, kabla ya kujijenga tena Tabora kwenyewe.

Kwa hiyo Kanisa la Tabora lilikuwa na sababu ya kutompenda Isike. Tunalisema hili mapema, ili msomaji ajue kwamba tutakayoyasema juu ya kifo chake hayatokani na mapenzi.

Bendera mpya

Mwaka 1890 Emin Pasha, akiwa sasa katika utumishi wa Ujerumani, alifika Tabora. Alipatana na wafanyabiashara Waarabu kwamba wataipokea bendera ya Ujerumani na kubaki na liwali wao. Kwa wafanyabiashara hao mapatano yalikuwa na faida: waliipata serikali ya kuwalinda. Kwa Isike maana yake ilikuwa tofauti. Bendera iliinuliwa katika nchi yake, watu wengine wakaafikiana juu ya njia yake, na hongo iliyoushikilia utemi wake ikawa kosa.

Alikataa kuinama. Kituo cha Wajerumani Tabora kilikuwa na askari wachache, naye alikuwa na boma, bunduki na watu. Ni vema kukumbuka pia kilichokuwa kikitokea kwingineko. Mwezi Agosti 1891, huko Lugalo, Wahehe wa Mkwawa walikisambaratisha kikosi cha Zelewski na kumuua Zelewski mwenyewe. Maofisa wa Kijerumani waliona aibu, na waliona hatari: mtemi mmoja akiachwa bila kuguswa, wengine watafanya kama yeye. Katika mwaka 1892 boma la Isike lilishambuliwa zaidi ya mara moja, na kila mara washambuliaji walirudi nyuma. Kadiri lilivyozidi kusimama, ndivyo jina la Isike lilivyozidi kukua, na ndivyo hamu ya kumwangusha yeye binafsi ilivyozidi.

Hapo ndipo hesabu ya vita ilipobadilika. Haikuwa tena suala la njia kufunguliwa wala la hongo kukoma. Lengo likawa mtu. Waliona kwamba Unyanyembe yote inacheza kwa kumtazama yeye, na kwamba akiondolewa yeye, wengine wote watatulia. Ni mantiki ya yule anayesema nyoka hupigwa kichwani.

Januari 1893

Kazi hiyo alipewa Luteni Tom von Prince, ofisa ambaye Waafrika walimpa jina la Sakarani kwa jinsi alivyopigana kama mtu aliyelewa vita. Mwezi Januari 1893 alilishambulia boma na safari hii askari wake walipenya. Isike alipoona kuta zimeingiliwa, alijiondoa na watu wa familia yake hadi katika ghala ya baruti, akaiwasha.

Mlipuko ulikuwa mkubwa, lakini Isike hakufa papo hapo. Askari walimkuta kwenye kifusi, ameungua na kuvunjika, pumzi ikiwa bado imo. Hakuwa na silaha, hakuwa na jeshi, na kwa jinsi alivyokuwa hakuwa na saa nyingi za kuishi. Prince aliamuru anyongwe. Mtu aliyekuwa tayari anakufa akatundikwa.

Baada ya hapo Nyaso, mwanamke wa ukoo wa kitemi, aliwekwa kuwa mtawala wa Unyanyembe, akikubali mamlaka ya Wajerumani. Njia ikawa mikononi mwa serikali mpya. Mwaka 1912 reli ya kati ilifika Tabora, na kazi ya upagazi iliyowafanya Wanyamwezi wajulikane tangu pwani hadi Kongo ikaanza kufifia. Prince mwenyewe aliendelea na vita dhidi ya Mkwawa huko Uhehe, na aliuawa katika mapigano ya Tanga mwezi Novemba 1914.

Tuyatazame mambo haya kwa macho ya imani

Mafundisho ya Kanisa juu ya vita hayakuanza jana. Mtakatifu Agustino alifundisha kwamba hata anayepigana kwa haki hana budi kuitafuta amani, na kwamba aliyeshindwa anastahili huruma. Mtakatifu Thomas wa Akwino alidai mambo matatu: mamlaka halali, sababu ya haki na nia njema. Hilo la tatu husahaulika upesi. Mtu anaweza kuwa na sababu nzuri na bado akatenda dhambi, kwa kuwa moyoni anatafuta kuumiza. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2313, inadai kwamba raia wasiopigana, askari waliojeruhiwa na wafungwa waheshimiwe na kutendewa kiutu.

Tukianza na sababu, washindi walidai kwamba wanaikomesha biashara ya watumwa na kuilinda njia. Kukomesha utumwa ni sababu njema. Lakini hao hao walipatana na wafanyabiashara waliokuwa na watumwa, na walitaka pembe na ushuru uleule aliokuwa akiuchukua Isike. Sababu njema ilichanganyika na tamaa, na dhamiri iliyonyoka haina budi kuzitenganisha hizo mbili.

Tuje kwenye kumlenga kiongozi. Hapa tunaomba msomaji asikimbilie hukumu. Kiongozi anayeongoza vita akiwa na silaha si mtazamaji. Kumpiga yeye si lazima kuwe kuovu zaidi kuliko kumpiga askari wake wa kawaida. Pengine ni afadhali, kwa kuwa kijana aliyeitwa kutoka shambani na kupewa bunduki ana hatia ndogo kuliko aliyemwita. Pigo lililoingia bomani wakati Isike akiwa bado anapigana, hata lingekuwa kali namna gani, linaweza kutetewa na mtu anayeiona vita yenyewe kuwa ya haki. Ukali peke yake si dhambi. Beki anayeingia kwa nguvu zake zote kuutafuta mpira hatendi kosa kwa kuwa ana nguvu.

Lakini yapo mambo ambayo hata mtetezi huyo hawezi kuyavuka. Mtu aliyetolewa kwenye kifusi si mpiganaji tena. Kamba iliyofungwa shingoni mwake haikumwokoa askari hata mmoja, haikuharakisha amani, na haikumzuia Isike kufanya jambo lolote ambalo mauti isingemzuia kabla ya machweo. Ilikuwa na kazi moja tu, kuwaonyesha watu. Aliyejeruhiwa alifanywa kuwa tangazo. Hapo ndipo tunaposema bila kusita kwamba mpaka ulivukwa, na kwamba ulivukwa baada ya vita kumalizika.

Na Isike je? Baadhi ya vijana wetu husimulia tendo lake la ghala ya baruti kwa fahari, kwamba alikataa kukamatwa. Tunaielewa fahari hiyo. Kwa mtu aliyejua yaliyompata Manywa Sere, kukamatwa hakukuwa na tumaini lolote, na yaliyofuata yalithibitisha hofu yake. Hata hivyo hatuwezi kulisifu tendo lenyewe. Uhai wake ulikuwa wa Mungu, na uhai wa wale aliokuwa nao ulikuwa wa Mungu pia. Yeye hakuwa na haki ya kuamua kwamba mke na mtoto wafe pamoja naye. Kanisa linafundisha vilevile kwamba hofu kuu na mateso hupunguza hatia, na kwamba tusikate tamaa juu ya wokovu wa waliojitoa uhai, kwa sababu Mungu anazo njia anazozijua mwenyewe. Tunamwachia Yeye.

Viwanjani na mitaani

Msomaji anaweza kusema hayo ni ya mwaka 1893. Tunaona yako karibu zaidi.

Tazama uwanja wa mpira. Kila kocha wa timu ya parokia anajua kwamba timu pinzani ina kiungo mmoja anayeichezesha. Kumkaba kwa nguvu ni mchezo halali. Lakini wapo wanaowaambia vijana wao wamvunje mguu mapema ili timu yake ikose akili. Huko Marekani, katika mpira wao unaochezwa kwa mikono na kofia ngumu, jambo hili lilifikia hatua ya malipo. Mwaka 2012 ligi yao iligundua kwamba katika timu ya New Orleans Saints, kwa misimu mitatu kuanzia 2009, kulikuwa na mfuko wa fedha wa kuwalipa wachezaji waliowaumiza wapinzani hadi kutolewa uwanjani. Waliowindwa zaidi ni warusha mpira, wale ambao timu nzima inawategemea. Kocha mkuu alifungiwa msimu mzima. Mchezo huo unaruhusu kumwangusha mrusha mpira kwa kishindo akiwa bado ameushika; unakataza kumpiga akiwa ameshauachia, kwa sababu mtu huyo hana tena cha kujilinda nacho. Hata mchezo mkali kiasi hicho umeutambua mpaka ambao ofisa yule wa Tabora hakuutambua.

Tazama pia mitaa yetu. Mwizi wa kuku au wa pikipiki anakimbizwa, anakamatwa, anaangushwa. Hadi hapo wananchi wametenda haki yao ya kujilinda. Kisha linakuja jiwe, tairi na petroli, na kesho yake tunasikia kwamba ameuawa na wananchi wenye hasira kali. Wengi katika kundi hilo ni wabatizwa. Baadhi yao Jumapili husimama nasi katika mstari wa Komunyo. Wakiulizwa husema kwamba alikuwa mwizi kweli, na huenda ni kweli. Isike naye alitoza hongo kweli, na alinufaika na biashara ya watumwa kweli. Hatia ya aliyeanguka haimpi aliyesimama ruhusa ya kufanya apendavyo. Katika kundi lile anayeweza kuokoa maisha ni mtu mmoja anayesema inatosha, kabla ya jiwe la pili. Tungependa mtu huyo awe mmoja wa wasomaji wetu.

Kwa mafrateri tunaongeza neno moja. Siku moja mtakuwa mapadre wa maeneo haya, na mtaombwa kuhukumu magomvi ya mashamba, ya ndoa, ya uongozi wa jumuiya. Mtakutana na waliokosa kweli na wakashindwa kweli. Kujua sheria kutawasaidia kuonyesha kosa. Lakini mtu aliyekwisha kuanguka mbele yenu, aliyekiri na kuona aibu, hahitaji pigo jingine ili wengine wajifunze.

Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Je, katika mtaa au kijiji chetu, mtu anapokamatwa akikosa, ni nani mwenye ujasiri wa kuzuia mikono ya wengine? Tunaweza kufanya nini ili asiwe peke yake?

2. Tunapowasimulia watoto wetu habari za Isike, tunasema nini juu ya utumwa, juu ya ghala ya baruti, na juu ya kamba?

3. Je, yupo mtu ambaye nimeshamshinda katika ugomvi, nami bado naendelea kumpiga kwa maneno?

Bwana awajalie amani, na awape raha ya milele wote waliolala katika njia hii ya misafara, wanaojulikana majina na wasiojulikana.